Watu Hawahesabiwi

Nilipokuwa mtoto kule Gatitu, nusura nirudishwe nasari kwa sababu ya kifaranga mmoja.

Kuku wetu alikuwa ameangua, nami, kwa maringo ya kuingia darasa la kwanza, nikawahesabu vifaranga kwa sauti: saba. Cucu, mama yake baba, akaacha kumenya viazi. "Wachana na hiyo maneno. Kitu iko na uhai haihesabiwi. Ukihesabu, moja inaenda." Kabla ya chai ya saa kumi, mwewe alikuwa ameshachukua mmoja. Cucu alinitazama tu. Nilijiona muuaji.

Jumatatu, mwalimu wa hesabu akamuuliza kila mtoto kwao wako wangapi. Wenzangu wakajibu haraka haraka, nami nikawahurumia, maskini, wanavyowamaliza ndugu zao. Zamu yangu ilipofika nikafunga mdomo.

"Basi hesabu wale mnakaa nao kwa dawati."

Nikainamisha kichwa. Wiki nzima ikawa hivyo, napigishwa magoti mbele ya darasa, mpaka mwalimu akamwita mama na kumwambia nitarudi nasari kwa kuwa sijui hesabu.

Mama alitoka sokoni moja kwa moja na kiondo chake, aibu imeshageuka hasira. "Ati hajui? Huyu?" Akamwaga njahi mezani, na mimi nikayahesabu yale maharagwe meusi hadi mia moja na ishirini bila kupumua. Mwalimu akakuna kichwa.

"Haya, sasa tuhesabu sisi tuko hapa."

Tulikuwa watatu. Nikaanza kulia.

"Kwani unaogopa nini?" akauliza mwalimu, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nikiwahesabu, mmoja atakufa. Na inaweza kuwa mama."

Mama akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Hadi leo sijui alikuwa akicheka au akilia. Mwalimu, mzaliwa wa Kutus aliyelelewa na cucu wake mwenyewe, akaokota njahi zilizoanguka chini, polepole. "Hesabu anajua," akasema. "Atakaa hapa." Tangu hapo mimi nilihesabishwa vifuniko vya soda, na wenzangu wakaachiwa watu.

Juzi binti yangu alikataa shule siku tatu mfululizo. Siku ya tatu mkono uliniwasha, kweli nasema, na viboko vya maneno nilikuwa nimeshavipanga mdomoni. Nikavimeza. Nikaketi kitandani kwake nikamuuliza anaogopa nini, nikangoja sana, na chai ikapoa.

Kwa maana wiki ile niliitwa mjinga, na kiburi, na jeuri, na nilikuwa nimepiga magoti pale mbele nikilinda uhai wa darasa zima, huku wao wananicheka.