Sentensi Yangu ya Kunguni

Kotmiri siipendi jikoni kwangu. Mume wangu anaitaka kwenye mchuzi wa samaki, nami humkatia huku nimegeuza uso, kwa sababu majani yale yakipondeka hutoa harufu ya kunguni aliyefikichwa. Msinicheke. Aliyelala utotoni kwenye kitanda cha kamba anajua nisemalo, hata akijifanya hajui.

Kwetu Kikwajuni, miaka ya hamsini nilipokuwa mdogo, kunguni hawakuwa habari. Nyumba ya udongo ilikuwa nao, na ya mawe kule mjini ilikuwa nao. Kila Jumamosi vitanda vilitolewa kichochoroni, vikalazwa ubavu juani, na kina mama wakapita na mabirika ya maji yanayochemka, wakimimina kwenye kamba na kwenye matundu ya matendegu. Mvuke ulipanda, kamba zikanuka ukakaka wa makumbi ya nazi yaliyovunda. Sisi watoto tuliwaponda kwa visigino waliokimbia. Na kazi yote hiyo ilifanywa bila ya mtu kumtaja mdudu mwenyewe. Jina lake lilikuwa kama tusi. Aliitwa "mgeni."

"Wageni wako hawajambo, Bi Mwanaisha?" Bi Time, jirani wa ubavuni, alikuwa akimtania mama.

"Leo nawakogesha, wamezidi uchafu," mama humjibu, na wote wawili hucheka, kila mtu na birika lake.

Baba alikwisha kufa. Mama alitulisha kwa kushona magodoro na mito ya usufi, na wateja wake wakubwa walikuwa watu wa mjini waliokuwa wakioza mabinti zao. Alichambua usufi mpaka nyusi zikawa nyeupe kama za bibi kizee. Godoro la harusi alikuwa halilazi chini. Alilitundika juu ya boriti, ndani ya shuka safi, na ole wake atakayeligusa na mikono ya mchuzi.

Siku moja skuli tukafundishwa wadudu wa nyumbani. Mwalimu wetu, Bi Thuwaiba, alimgawia kila mtoto mdudu wake atungie sentensi. Alikuwa na msemo wake: "Sitaki sentensi za kitabuni. Nataka za majumbani kwenu." Wa kwanza akasema mbu wanamlilia baba sikioni. Asya, mtoto wa mjini mwenye viatu vya ngozi, akasema nzi ametua juu ya halua ya wageni. Akasifiwa. Mimi nikapewa kunguni.

Nilisimama kwa raha zangu. Nilitaka kusifiwa na mimi. Nikasema kwa sauti: "Kila Jumamosi mama huanika vitanda kichochoroni na kuwamwagia kunguni maji ya moto."

Darasa zima likaangua kicheko. Watoto wale wale ambao visigino vyao vilikuwa na damu ya kunguni tangu juzi! Bi Thuwaiba alifuta ubao, na haukuwa na kitu cha kufutwa. "Kaa chini," aliniambia. "Mengine hayasemwi." Mpaka leo nnamuuliza moyoni: kama hayasemwi, mwalimu, ulinipa ya nini?

Godoro lililokuwa likining'inia kwetu wiki ile lilikuwa la dada yake Asya.

Kesho yake alasiri mama yao akafika, Bi Nuru, buibui limenyooka, udi unamtangulia. Mama akamkaribisha.

"Sipiti," alisema Bi Nuru, amesimama nje ya kizingiti kama aliyekuta maji machafu. "Asya kaniletea neno kutoka skuli. Eti nyumbani kwako mna kunguni."

Alilitamka jina zima zima. Milango ya kichochoro ikafunguka mmoja baada ya mwengine. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wetu, nimeng'ang'ania komeo.

"Nakwambia kama dada yako," akaendelea, sasa kwa sauti ya asali. "Watoto huongopa. Sema tu mtoto kaongopa, hapa mbele ya majirani zako, nami nalichukua godoro langu na maneno yaishe. Nitakutia wateja mjini kote."

Mama aligeuka akanitazama. Wallahi nilimwomba kwa macho. Nilikuwa radhi niitwe mwongo, nipigwe, nitolewe skuli, ili mradi kichochoro kifunge milango yake.

"Mwanangu hakuongopa," mama alisema. "Kunguni nnao. Nawamwagia maji Jumamosi, kama wanavyomwagiwa kwako. Godoro lako halijalaliwa na mtu wala halijagusa kitanda."

"Kwangu? Mimi?" Bi Nuru alishika kifua. "Jamani, mnamsikia?"

Hao jamani walimsikia. Bi Time, ambaye mama alikuwa akimwazima birika letu kila lake likitoboka, alianza kuzikagua kucha zake.

Mama aliingia ndani, akalishusha godoro, akalikokota mpaka barazani na mkasi mkononi. Akalipasua mshono, kazi ya siku nyingi, akaanza kutoa usufi konzi baada ya konzi. "Njoo utafute! Njooni nyote mtafute!" Upepo ukauchukua. Usufi ukapanda hadi mapaani, ukanasa kwenye buibui la Bi Nuru, kwenye nywele za watoto, kwenye makanga yaliyoanikwa. Watoto wakaukimbilia wakipiga vigelegele. Bi Nuru aliondoka akijipangusa mabega, na mama akabaki amepiga magoti na foronya tupu, nyusi nyeupe, kanga imemvuka kichwani.

Nilimwonea haya mama yangu siku ile. Kunguni nilikwisha kuwasahau. Nilimwonea haya yeye.

Wateja wa mjini walikatika. Mama akahamia kwenye vitumbua, akiamka na moshi alfajiri, na mimi nikisugua vyungu kabla ya skuli. Kila chungu nilikisugua na kinyongo changu. Neno moja tu! Nilipokuwa msichana mkubwa, siku moja hasira zilinipanda nikamwambia: "Ungesema tu nimeongopa, mama. Ungepungukiwa nini?"

Aligeuza kitumbua. "Mimi nisingepungukiwa," alijibu. Basi. Niliona ananizungusha, nikazidi kununa.

Miaka mingi baadaye nilikwenda harusini na binti yangu, wakati huo ana miaka sita na ulimi usio na mlango. Wanawake wakalisifu buibui langu, na yeye akadakia: "Si lake. Kaliazima kwa Mama Zubeda." Wanawake wakageuka kunitazama. Mwenyeji wetu, mtu wa heshima zake, akanitupia kamba ya kujiokolea: "Watoto waongo hawa, eti, bibi?" Wote wakanisubiri nicheke niseme ndiyo. Nilikuwa nimeshaanza kucheka, wallahi, na masikio yananiwaka moto.

Nikamwangalia mtoto. Alikuwa amenikodolea macho, mdomo wazi, hajui kosa lake, anangoja nimwambie kama alichokiona alikiona.

Uso huo ndio mama aliouona nyuma ya mlango. Mimi nilidhani nilikuwa nikimwomba aseme nimeongopa. Mtoto hajui anaomba nini.

"Hakuongopa," nikasema. "Ni la kuazima." Sauti ilinitetemeka kwa buibui la mtu. Mama yangu, kwa godoro na riziki yetu yote, haikumtetemeka.