Wifi Yangu na Sindano ya Miezi Mitatu

Mume wangu alivikuta vidonge vyangu vya uzazi wa mpango ndani ya gunia la mbegu za maharage. Miaka sita ya ndoa hakuwahi kuligusa gunia lile; siku hiyo akashikwa na mapenzi ya ghafla ya kilimo. Akavitupa chooni, kisha akamwita mama yake, maana tumbo langu lilihitaji kikao cha ukoo.

"Mwanangu, watoto wanne tu umeshachoka?" mama mkwe aliuliza kwa huruma.

"Shikamoo mama," nikajibu.

Dada wa mume wangu naye akafunga safari kutoka Kirushya kuja kunifunda. Alinihubiria wajibu wa mke mchana kutwa, huku akimaliza sufuria yangu ya ndizi.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mtoto zahanati kupimwa uzito, nikamsimulia muuguzi yaliyonipata. Akanieleza njia zote. Sindano, alisema, inakaa miezi mitatu, hedhi inaweza kuvurugika, na ukitaka mimba tena inaweza kuchelewa. Mimi nilishika moja tu: haifichwi kwenye gunia. Nikatoa mkono.

Mume wangu akaanza kunisifu kwa majirani kwamba kliniki sikosi. Mama mkwe akaniletea mizizi ya kuamsha tumbo. Niliinywa yote kwa adabu.

Safari ya tatu, nikamkuta wifi yangu kwenye benchi la zahanati, kajitanda khanga hadi machoni. Zahanati ya kwao aliipita akaja kwetu, huenda hewa yetu ni nzuri zaidi.

"Wifi, unaumwa?"

"Malaria. Na wewe?"

"Malaria."

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Wa sindano ya miezi mitatu, aingie!"

Tukasimama wote wawili.

Tulicheka hadi wifi akakaa chini. Kumbe alikuwa akichomwa sindano hiyo mwaka wa pili. Mumewe alimtishia kumrudisha kwao akiona kidonge.

"Na yale mahubiri?"

"Nilitumwa na mama," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Nisamehe."

Nilimsamehe. Tangu hapo tulikwenda pamoja, tukipanda bodaboda moja.

Mwaka huu kitinda mimba wetu ameanza shule. Jumapili moja, nje ya kanisa, nilimsikia mume wangu akiwaambia wenzake, "Mimi niliamua wanne wanatosha. Mwanaume lazima apange."

Wakampa mkono wa pongezi. Nami nikampa.