Diski Niliyoitangazia Kifo

Afadhali niseme mwenyewe kabla mtaa mzima wa Wabera haujawaambia. Ofisini kwetu, ambako wafugaji huchukua vyeti vya chanjo ya mifugo, wananiita daktari wa kompyuta, na sijawahi kuwakataza. Halima, mfanyakazi mpya, aliniomba tusasishe programu ya Linux ya kukagua diski. Nikamwambia, "Dada, mimi sikimbilii vitu vipya."

Wiki jana tukaletewa diski yenye rekodi zote za chanjo, iliyotayarishwa kwenye kompyuta mpya. Programu yangu ikaikataa, skrini ikajaa maandishi. Sikusoma. Daktari asome nini? Nikawatokea wafugaji waliokuwa wakingoja vyeti nje, na uso wa matanga: "Poleni. Diski imekufa."

Mama Ekiru, aliyeswaga mbuzi kutoka Gotu kwa miguu, akashika kichwa, maana bila cheti hauzi. Wengine wakanipa pole, nami nikazipokea kwa mikono miwili.

Halima akaingia ndani, akasoma skrini kwa sauti, polepole, kila mtu akisikia: "Diski hii inahitaji programu mpya kuliko yako. Tafuta mpya."

Mama Ekiru akanitazama juu mpaka chini. "Daktari, sisi hata mbuzi akilala, tunamshika pua kwanza ndio tuseme amekufa."