Yerusalemu ya Makapi

Asubuhi hii nimefungua dumu la mawese mapya kutoka Kigwena, na harufu yake ikanirudisha nyuma ya nyumba yetu ya Rumonge, kwenye lundo la makapi ya ngazi, matunda ya michikichi, zilizokwisha kukamuliwa.

Siku moja, nikiwa mtoto, mwalimu alikuwa ametusimulia jinsi Wakristo wa zamani walivyosafiri mbali kwenda kuwanyang'anya Waislamu mji wa Yerusalemu. Tulipotoka shule, lundo lile likawa Yerusalemu. Binti wa jirani, rafiki yangu, ndiye peke yake aliyekuwa Mwislamu kati yetu.

"Wewe simama juu," nilimwambia. "Muji iko ya kwenu."

Alipanda akicheka. Tukamvamia sote na misalaba ya vijiti, tukiimba nyimbo za kanisani. Nilimsukuma, akaanguka kifudifudi, nami nikateleza nikachanika goti.

Mama yake alitoka mbio. Alianza na mimi kwa sababu nilikuwa navuja damu; akaniosha kwa maji ya chumvi, akanifunga kwa kipande cha kitenge chake. Ndipo akaona mdomo wa mwanawe umevimba.

"Nani amekusukuma?"

Rafiki yangu alinitazama. "Tuliteleza, mama."

Akatupakulia ugali na mukeke wa kukaanga, kila mtu samaki wake, sahani moja. "Mukule pamoja, batoto."

Rafiki yangu hakuweza kutafuna. Alisogeza samaki wake upande wangu. Nilimla mpaka miiba bila kuinua macho. Nilipomaliza nikamshukuru mama yake, murakoze; rafiki yangu sikumwambia neno.