Filamu za Mama Zisizo na Sauti

Mama aliigiza filamu kadhaa hapa Brussels, na hakuna hata moja aliyosikika ndani yake. Mwongozaji wake, kijana wa mtaa wa Flagey, alipenda filamu za kimya kama za zamani: picha nyeusi na nyeupe, maneno yakiandikwa kwenye skrini, mtu akipiga piano pembeni. Alimwona mama sokoni, akampenda uso. Kisha akampa nafasi za kufua, kulea watoto na kubeba trei.

Mimi nilichukia. Nilimwambia mama kwamba Wazungu hatimaye wamepata Mwafrika asiyewajibu. Alicheka tu. Alisema ameruhusiwa kusema lolote mradi midomo icheze, kwa hiyo anapiga Kiswahili cha Lubumbashi kutwa nzima na hakuna wa kumkataza.

Alipofariki nilitaka kitu kimoja tu, sauti yake. Simu iliyokuwa na jumbe zake za sauti ilikuwa imeshakufa. Nikamwendea mwongozaji, akanieleza kwa upole kwamba hawakuwahi kurekodi sauti. Upole wake uliniudhi zaidi. Akanipa filamu ya mwisho niende nayo.

Tuliionyesha kwenye matanga, katika ukumbi wa kukodi kule Saint-Josse, tukiwa tumetundika shuka ukutani. Mama akatokea na aproni yake. Watu wakangoja azungumze. Tonton, kaka yake mkubwa, aliinuka akashika nyaya za spika, akafungua sauti mpaka mwisho. Ukatoka mvumo mtupu.

"Bon, hii machine imekufa," akasema, akarudi kuketi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza.

Ndipo mama akamwinamia bwana wa nyumba aliyekuwa mezani, akasema jambo. Maandishi ya Kifaransa yakadai kwamba gari limefika. Uongo. Mdomo ule naujua. Kidevu kiliinuka kidogo, vilevile kilivyoinuka kila jioni nilipoingia kutoka kazini, kabla sijavua koti, akiniuliza:

"Mutoto yangu, ulishakula?"

Yule bwana hakumjibu. Alichukua kofia yake akatoka, mama akabaki amesimama na trei mkononi, akitazama mlango.

"Nilishakula, maman," nikamjibu, ukumbi mzima ukinisikia.

Tangu tumzike sikuwa nimetia kitu kinywani.