Siku Niliyomkana Baba kwa Ajili ya Fomu

Jamani, hili ninalowasimulia sijawahi kulisema hata kwa wenzangu wa hosteli, maana aibu yake bado inanipandisha joto masikioni, ila leo nimeamua kulitoa, na mkitaka kunicheka nichekeni tu, nimestahili.

Mwaka wa kwanza pale chuo cha serikali cha kilimo, Biharamulo, tulipewa fomu ya taarifa binafsi, na ukurasa wa pili ukauliza baba amezaliwa nchi gani na wapi. Baba yangu alizaliwa Burundi, akavuka akiwa kijana, akalima kijijini kwetu Murukulazo, wilaya ya Ngara, mpaka akapewa uraia kwa sheria, na kijiji kizima kinajua. Lakini mimi shule ya msingi niliitwa "mkimbizi" mpaka nikachoka (mliosoma Ngara mnajua neno hilo linavyorushwa), basi nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaandika Tanzania, Ngara, Murukulazo. Nikasaini, nikajiona mjanja.

Muhula wa mwisho, siku chache kabla ya majina ya wahitimu kutoka, likabandikwa tangazo: kwa taratibu za vyuo vya umma hakuna kuhitimu mpaka krediti zote zitimie, na mwenye taarifa zinazopingana, krediti zake za mafunzo kwa vitendo haziingizwi mpaka aje na mzazi na vyeti. Jina langu lilikuwa la tatu. Cheti changu cha kuzaliwa kilisema baba ni wa Burundi, fomu ikasema Murukulazo! Na krediti zenyewe nilizitolea jasho, nimeshinda kwenye mashamba ya mihogo ya watu nikihesabu inzi weupe, wale wadudu wanaoambukiza mihogo magonjwa, jua la utosi.

Nikampigia baba, na ukweli sikumwambia. "Baba, njoo na kitambulisho chako tu. Wakikuuliza, niachie mimi niongee."

"Sawa, mama," akajibu.

Ofisi ya msajili ni finyu, kwa hiyo uhakiki ukafanyika ukumbini, wanafunzi na wazazi wamekaa wanasikiliza, na msajili, mama mmoja mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, anaita mmoja mmoja mbele. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Tulipoitwa nikamtangulia mpaka mezani kwa msajili.

"Shikamoo mzee. Ulizaliwa Murukulazo?"

"Marahaba..."

"Ndiyo, hapo hapo!" nikadakia.

Baba akanigeukia taratibu. "Hapana, Domitila. Mimi nilizaliwa Burundi. Hapa nilikuja kijana."

Ningenyamaza, pengine yangeishia hapo, lakini mdomo wangu huu, jamani! Nikasema kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma, "Madam, msamehe, umri umeenda, anachanganya mambo."

Kuna mtu alicheka. Baba akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha ya nailoni yenye hati yake ya uraia (huwa anaitunza pamoja na Biblia), akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Sijachanganyikiwa. Karatasi hii nilipewa na serikali, na sijawahi kuificha."

Msajili akaisoma, kisha akavuta fomu yangu, akaweka kidole chini kabisa kwenye maandishi madogo. "Soma kwa sauti." Nikasoma: kipengele hiki ni cha takwimu tu, mwanafunzi halazimiki kukijaza. Kumbe ningeweza kupaacha wazi!

"Kuacha wazi ni haki yako," akasema. "Kudanganya halafu ukasaini ni kosa. Krediti zako zitasubiri kikao cha nidhamu."

Kikao kilikaa baada ya mahafali. Wenzangu walivaa majoho, mimi nikawa mpiga picha wao.

Lakini joho silo lililoniuma. Siku ile tulipotoka ukumbini nilimwomba baba msamaha nikilia, naye alikuwa anahangaika kurudisha hati yake kwenye bahasha, vidole vinamgomea, akasema bila kuniangalia, "Ungeniambia tu nisije, mama."

Krediti ziliingia baadaye, na cheti ninacho. Siku hizi fomu yoyote naisoma mpaka mstari wa mwisho kabla sijashika kalamu, na nikifika pa baba, ingawa najua naruhusiwa kupaacha wazi, napajaza.