Mpimaji Aliyeniuliza Ninataka Kumsikia Nani

Masikio yangu yaliharibiwa na homa nilipokuwa msichana. Ilinilaza kitandani muda mrefu, na nilipoinuka nilidhani watu wa nyumbani wamekubaliana kuninong'oneza. Mama akinisemesha namwona midomo inacheza, sauti inanifikia kama mtu aliye ng'ambo ya ukuta. Sikio la kulia lilibaki na uhai kidogo. La kushoto likawa pambo tu, la kutundikia kipuli.

Kisha ikaja miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nyumba zetu pale kisiwani, si mbali na Utende, zilikuwa zimepangwa mistari, shamba la kijiji limefyekwa, na kila aliyesoma kidogo alitakiwa afundishe kisomo cha watu wazima. Mwenyekiti wa kijiji alipokuja kuniomba, mama alimwambia nina masikio mabovu. Nikamjibu mwenyekiti mwenyewe: "Kusoma ninajua, kuandika ninajua, na sauti ninayo. Nipeni chaki." Wakanipa chaki.

Darasa lilikuwa alasiri, watu wakishatoka shambani. Walikuja kina mama na watoto migongoni, wazee wawili watatu, na wavuvi wa dago, wale wageni wanaokuja kwa msimu kutoka pwani za kusini na kupiga kambi ufukweni. Nilifundisha kwa macho. Anayesoma namtazama midomo, najua kapatia au kakosea. Kazi ilikwenda vizuri mpaka siku niliyoandika ubaoni "Baba analima shamba la kijiji," nikamsimamisha mvuvi mmoja wa dago, kijana mwenye maneno mengi, asome. Mimi nimegeukia ubao namwonyesha neno moja moja kwa kijiti. Kijiti kilipofika mwisho nikamgeukia, nikasema, "Vizuri sana! Mpigieni makofi."

Darasa zima likaangua kicheko. Jirani yangu mmoja, mwanamke asiyejua kuficha jambo, alinisubiri hadi watu wametoka, akanishika mkono, akanitazamisha uso wake.

"Hakusoma," akasema polepole. "Alisema, mwalimu hasikii, afadhali tungekuwa baharini."

Nilicheka, maana lilichekesha. Lakini njiani kuelekea nyumbani nilikwishaamua. Mwalimu anayempigia makofi asiyesoma, huyo hafundishi.

Kaka yangu alikuwa anakwenda Dar es Salaam kwa shughuli zake, nikafuatana naye. Hospitali tuliyokwenda walitupeleka kwa daktari mmoja wa masikio. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sura, ila tangu tuingie hadi tutoke hakunitazama mimi. Alimtazama kaka.

"Anasikia akiitwa?"

"Akiitwa kwa nguvu," kaka akajibu.

"Anaweza kuzungumza?"

Nikasema, "Ninazungumza tangu nina mwaka mmoja, daktari." Akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akaendelea kumuuliza kaka.

Alinipa mashine ya sikio. Ilikuwa kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kinavaliwa kifuani, na waya unaopanda hadi kwenye kizibo cha mpira ndani ya sikio. Akazungusha kitufe hadi mwisho, akaniuliza kwa ishara kama nasikia. Nilisikia! Nilisikia kiti, mlango, kikohozi cha mtu barazani. Machozi yakanitoka, kaka akamshukuru, tukaondoka.

Nyumbani ile mashine ilinitesa. Nilikivaa kisanduku ndani ya kanga kama nilivyoelekezwa, basi kila nikipumua kanga inasugua, na nilichokuwa nikisikia kutwa ni kanga. Nikienda ufukweni ni upepo. Nikila, ni meno yangu mwenyewe. Kizibo hakikunienea, kikawa kinapiga mluzi hata kuku wanakimbia. Watoto wa jirani waliamini ni redio, wakawa wananifuata wakitaka niwafungulie mpira. Maneno ya watu ndiyo pekee yaliyokuwa hayasikiki.

Nikakitia kisanduku kabatini.

"Mungu ndiye aliyepanga, mwanangu," mama akasema. "Ridhika."

"Nimeridhika na Mungu, mama. Sijaridhika na yule mpimaji."

Safari ya pili nilikwenda peke yangu, kisanduku nimekitia mkobani. Kaka alitaka kunisindikiza nikamkataza. Niliona akiwepo yeye, mimi ninapotea. Nilifikia kwa shangazi yangu Magomeni, na asubuhi nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja mjini niliyesikia anauza mashine za masikio. Alinitolea tatu, akanisifia iliyo kubwa. Nikaivaa. Mle dukani, kimya, yeye akinisemea usoni, ilikuwa nzuri.

"Sasa tutoke nje," nikamwambia. "Usimame nyuma yangu, pale kwenye magari, unisemeshe."

"Nje kuna makelele, mama."

"Na mimi naishi penye makelele."

Alicheka kama aliyesikia mzaha. Alipoona sicheki, akaanza kuifuta mashine yake kwa kitambaa na kuirudisha kwenye boksi. Nikamwachia, nikamtakia biashara njema. Wala sikuumia. Nilitoka pale nikijua jambo ambalo sikulijua nilipoingia: kwamba kumbe na mimi naweza kumpima mpimaji.

Siku mbili baadaye niliona kitu barabarani. Mtoto wa kike, labda wa miaka sita, amekaa na mama yake kwenye benchi nje ya zahanati. Kifuani ana kisanduku kama changu, lakini kimetiwa kwenye kifuko cha kitambaa kilichoshonewa mikanda, juu ya gauni, si ndani. Wapita njia hawageuki, nikajua hakipigi mluzi. Mama yake akamsemesha huku anatafuta kitu kwenye kikapu, hata hamtazami, na mtoto akajibu.

Nikaenda moja kwa moja. "Dada, samahani. Nani amempima huyu?"

Alinitajia shule moja ya watoto viziwi pale mjini, akaniambia kuna mpimaji hapo, mwanamke, amesomea kazi hiyo nje. Akaongeza, "Lakini yeye hupima watoto."

Nilimkuta mpimaji huyo amekaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yamemfika kifuani. Alikuwa rika langu. Nilipomweleza shida yangu akasema, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba kazi yake ni watoto.

"Basi nipime kama mtoto, ndugu," nikamwambia. "Sitalia."

Akacheka, akanivutia kiti kidogo kingine.

Kitu cha kwanza hakushika sikio langu. Aliuliza, "Unataka kumsikia nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikafikiri, kisha nikamwambia: wanafunzi wangu wanaposoma nami nimegeukia ubao. Mama yangu akiniita toka jikoni. Watu kwenye mkutano wa kijiji, hasa wale wa nyuma wanaosema kwa kuguna.

"Na bahari?"

"Bahari naijua. Inyamaze tu."

Akanivalisha vidude vya masikioni, akaniambia kila nikisikia mlio, hata mwembamba kama mbu wa mbali, nitie kokwa moja kwenye kopo. Watoto wake ndivyo walivyofanya. Nikatia makokwa kama mtoto. Kisha akachukua kitu laini cheupe, kama unga uliokandwa, akanijaza sikioni, kikaganda. Kizibo changu kikatengenezwa kwa umbo lile, na nilipokivaa siku niliyorudi, ule mluzi haukuwapo tena.

Mashine ilikuwa ileile ya mwanzo. Niliitoa kwenye mkoba kwa aibu, nikidhani ataitupa. Aliifungua, akaisafisha chumvi na jasho, akasema ni nzima. Kisha akafanya nisilolitarajia: akapunguza sauti.

"Umeongezewa mno," akasema. "Sauti kubwa inafunika maneno. Wewe unataka maneno."

Hakuniwekea ndani ya kanga; aliibana juu yake, karibu na bega. Tukatoka nje bila mimi kumwomba. Pale uani watoto wanacheza, gari linapita, akasimama nyuma yangu akasema kitu. Nikamwambia, "Umesema tukanywe chai."

"Nimesema tukalime chai. Lakini umekaribia."

Tulipokaa tena aliniambia ukweli wote. Sikio la kushoto halitarudi, hakutaka kunidanganya. Sauti nyembamba kama za "s" na "f" zitanikimbia siku zote, hizo niendelee kuzisoma midomoni. Na nisiivae kutwa nzima mwanzoni: nianze na mtu mmoja, chumba kimya, halafu wawili. "Urudi baada ya miezi michache," akasema. "Nikikosea leo, siku hiyo tutajua." Neno hilo la "nikikosea" lilinipa imani kuliko yote.

Mtu mmoja niliyeanza naye ni mama. Tulifunga mlango, tukakaa mkekani, akaanza kunieleza habari za jirani na mbuzi wake. Sikusikia habari ya mbuzi. Nilikuwa nasikiliza sauti. Ilikuwa imezeeka. Miaka ile yote nilikuwa nimeweka moyoni sauti ya mama yangu kama nilivyoiacha, nzito, yenye amri, na sasa hii ilikuwa na mkwaruzo na inapumzika katikati ya neno.

"Mbona unalia? Inauma?" akauliza.

"Haiumi. Endelea, mama. Mbuzi alifanyaje?"

Darasani niliingia na kisanduku begani, kwenye kifuko nilichokishona mwenyewe kwa kipande cha kanga mpya. Nikageukia ubao, nikaanza kuandika. Nyuma yangu nikasikia, wazi kabisa, sauti ya yule mvuvi wa dago: "Leo mwalimu kavaa hirizi."

Sikugeuka. "Si hirizi, ni sikio," nikasema. "Simama usome mstari wa kwanza."

Kimya kilichoingia pale nilikisikia pia. Akasimama. Akasoma, "Mama anarima muhogo," nami nikamsahihisha palepale, bado naandika: "Analima." Akarudia, akapatia. Hapo nikageuka nikampigia makofi, na safari hii yalikuwa haki yake.

Kwa miaka mingi nilikuwa narudi kwa yule mpimaji. Betri zilipoadimika madukani, msimamizi wa duka la ushirika alinifichia mbili mbili, akisema asiponiwekea mimi nitamfuata mkutanoni nimuulize maswali. Niliwapeleka wengine pia kwa mpimaji, mmoja kutoka kisiwa cha Juani, mzee, ambaye alirudi akilalamika kwamba mkewe anasema sana.

Kisha mpimaji wangu akahamishiwa mkoa wa mbali. Aliniaga, akanikabidhi kizibo cha akiba, akaniambia hamjui atakayekuja baada yake, nimchunguze mwenyewe.

Nikaenda kumchunguza. Alikuwa kijana wa kiume, ana miwani. Alinikaribisha, akaanza kukaa, mgongo wake ukielekea dirishani. Akanitazama kidogo, akainuka, akakigeuza kiti upande wa pili hadi mwanga ukamwangukia usoni, nami nikaiona midomo yake vizuri.

"Shikamoo, mama," akasema. "Hapo unaniona?"

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, nikavuta kiti changu mbele. "Nakuona. Sasa tuanze."